Nyanya wa Pangani hakumzaa babu yetu: namtafuta baba wa mtoto wa kulea

#1 Mjukuu wa Pangani (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limenikaa kifuani mwaka mzima sasa.

Babu yangu mzaa mama alikulia Pangani ya Nairobi, ile ya zamani kabla haijabomolewa, katika nyumba ya udongo ya mama mmoja Mwislamu ambaye ukoo mzima tunamwita Nyanya wa Pangani. Sote tulijua ndiye aliyemzaa. Alimpeleka chuoni kusoma Kurani, akamtia jandoni, akamwoza. Kaburi lake babu alikuwa akilipalilia kila mwaka kabla ya Ramadhani, kwa mikono yake mwenyewe, hataki kusaidiwa.

Mwaka jana mama mkubwa, akiwa katika ugonjwa uliomwondoa, alimwita mama yangu kando ya kitanda akamwambia: "Yule hakumzaa baba. Alimlea. Aliletwa mdogo siku ya Ijumaa, ndiyo maana akapewa jina la siku." Mama akauliza, aliletwa na nani? Akajibiwa kwamba hilo hata baba mwenyewe hakupata kulisema.

Baada ya arobaini tukafungua sanduku lake la bati. Linanukia karafuu hadi leo, maana alikuwa akizitia humo kufukuza wadudu. Tulikuta haya:

Kipande cha babu, kile kitambulisho cha kazi cha wakati wa mkoloni. Kijaluba chake bado kina kamba ya ngozi ya kuvaa shingoni. Karatasi ya ndani imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi kwenye mikunjo pametoboka. Kabila: Mkamba. Wilaya: Machakos. Kisha mwajiri baada ya mwajiri, siku ya kuandikwa kazi, siku ya kuachishwa, mshahara wa mwezi.

Cheti chake cha ndoa. Hapo ni jina la siku, bin Abdallah.

Risiti za kodi za Nyanya wa Pangani, zimefungwa kwa uzi mweusi. Yeye naye ni binti Abdallah.

Nikawaza hivi: kama wote wawili ni wa Abdallah, basi hawa ni mtu na dada yake, na dada alimlea mdogo wake. Nimemsaka huyo Abdallah miezi minane. Nimezunguka misikiti, nimeuliza wazee wa Majengo kule Pumwani, nimesoma madaftari ya ndoa hadi macho yakauma. Maabdallah ni wengi na hakuna hata mmoja anayekaa sawa. Tena Mkamba wa Machakos alipataje kuwa ndugu wa damu na mama wa Pangani ambaye sisi tunamjua kama Mswahili?

Majina kamili ninayahifadhi, watu wa pande zote wangali hai. Ninachoomba ni njia. Mtoto mdogo alifikaje Pangani, na baba yake alikuwa nani?

#2 Kijana wa South B

Pole kwa msiba, kaka. Kwani kumlea mtoto wa mtu si lazima upite kortini? Nenda uulize faili za kuasili watoto, jina la baba halisi litakuwemo.

#3 Karani Mstaafu

Kijana, ushauri wako ungefaa kwa mtoto wa juzi. Sheria ya kwanza ya kuasili watoto hapa kwetu ni ya 1933. Huyu mzee, kama alikuwa na kipande chake miaka ya thelathini mwanzoni, aliletwa Pangani si chini ya miaka kumi kabla ya sheria hiyo. Na hata ilipokuja, mama wa Pangani mwenye nyumba ya udongo hakuwa na habari nayo. Mtoto alipokewa mlangoni, akapewa uji, basi.

Cheti cha kuzaliwa pia usikitafute. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulifika nchi nzima mwaka 1971. Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kuhesabu Waafrika nchi nzima, lakini ilihesabu vichwa, haitakupa jina la mtoto wa mtu.

Na kipande, ndugu mleta uzi, kielewe vizuri. Sheria yake ni ya 1915 na ilianza kutumika kwa nguvu 1920 baada ya vita. Kilivaliwa na wanaume wa miaka 16 kwenda juu. Mwanamke hana, mtoto hana. Kwa hiyo utoto wa babu yako kwenye karatasi za serikali ni giza tupu, hadi siku alipowekewa wino vidoleni.

Nimefanya kazi na mafaili miaka mingi, na nakwambia kitu kimoja: mtoto wa kulea hana karatasi, mlezi ndiye mwenye karatasi. Acha kumfuata mtoto. Mfuate mama. Nani alilipa kodi ya nyumba? Nani alipewa fidia Pangani ilipovunjwa? Nani alitia alama ya kidole na mbele ya nani? Nenda Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, lile jengo la zamani la benki, ukaombe faili za Pangani za miaka ya thelathini. Kwa kawaida faili hufunguliwa kwa umma zikishapita miaka 30, kwa hiyo za wakati huo hazikusumbui. Na usipuuze neno Machakos kwenye kipande. Kwenye karatasi zako zote, hilo ndilo alilolisema babu kwa kinywa chake mwenyewe akiwa kijana.

#4 Mwalimu wa Chuo, Mombasa

Assalam alaykum. Ndugu yangu, huyo Abdallah unayemtafuta huenda hakuwahi kuzaliwa.

Nieleze. Katika dini yetu mtoto wa kulea habadilishwi nasaba. Sura ya Al-Ahzab, aya ya tano, inaamrisha waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Mama wa Kiislamu mwenye kuijua dini yake hawezi kumwita mtoto wa kulea kwa jina la mumewe wala la baba yake yeye mama. Sasa mtoto ameletwa, baba yake si Mwislamu, au hajulikani, au jina lake halitamkiki mbele ya sheikh. Ataandikwa vipi? Ataandikwa bin Abdallah, yaani mwana wa mja wa Mungu, kwa kuwa kila baba ni mja wa Mungu. Na mtu mzima aliyesilimu hufanyiwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiona bin Abdallah na binti Abdallah katika nyumba moja ya miaka ile, usikimbilie kusema ni ndugu. Uliza kwanza kama wote wawili walisilimu. Naona Nyanya wenu naye hakuzaliwa katika Uislamu.

#5 Mjukuu wa Pangani

Mwalimu, nimelisoma jibu lako nikaenda kukaa nje. Miezi minane.

Nimempigia mama. Ananyamaza, kisha anasema: "Ndiyo maana Nyanya alikuwa akila isyo." Mnaolijua hilo neno mtanisaidia, kwetu sote isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na tulidhani ni neno la nyumbani tu.

Kuna kitu sikukiandika mwanzo kwa sababu tuliona hakihusu. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na karatasi imekunjwa ndogo, imeshonewa ndani ya kitambaa cha kaniki, imejaa maandishi ya Kiarabu. Mama mkubwa alikuwa akiiita hirizi ya Nyanya. Hakuna aliyepata kuifungua. Je, niiguse?

#6 Mwalimu wa Chuo, Mombasa

Hirizi hukunjwa hivyo, kweli. Lakini hata wasia ulikuwa ukihifadhiwa hivyo. Fumua mshono kwa sindano, usikate. Ikiwa kavu sana usiikunjue kwa nguvu, iache usiku mmoja mahali penye unyevu kidogo. Piga picha mchana, kivulini, unitumie pembeni.

#7 Mama Bahati

Jamani, naingilia uzi wa watu lakini machozi yananitoka. Mama yangu naye ni mtoto wa kulea, ila wa wakati mwingine. Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1954, siku ya ule msako mkubwa wa Waingereza dhidi ya Mau Mau hapa Nairobi, wazazi wake walipakiwa kwenye malori, yeye akabaki mlangoni na jirani Mluhya. Jirani ndiye aliyemlea, akambatiza kwa jina la ukoo wake. Waliomzaa hawakurudi. Niende wapi?

#8 Karani Mstaafu

Dada, ushauri ni ule ule, mfuate mlezi. Kama jirani alikuwa mpangaji wa nyumba za manispaa, alikuwa na kadi ya nyumba. Namba ya chumba chake itakwambia nani alikuwa chumba cha pili, na huyo wa chumba cha pili huenda ndiye babu yako.

La pili ni ubatizo. Kama alibatizwa Katoliki, usiombe cheti peke yake, omba daftari lenyewe lifunguliwe mbele yako. Humo kuna wasimamizi, na pembeni mwa mstari huandikwa habari za baadaye, hasa ndoa, kwa kuwa parokia ya ndoa hupeleka taarifa parokia ya ubatizo. Padri mwangalifu pengine aliandika pembeni kwamba mtoto ni wa nani.

La tatu, waliokamatwa siku ile wengi walipitishwa Lang'ata, kisha wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Baadhi ya mafaili ya wakati ule Waingereza waliyachukua walipoondoka, wakayaficha hadi 2011 kesi ya wazee wetu wa Mau Mau ilipoyatoa. Yako Kew, London, kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza, katika mfululizo wa FCO 141. Usianzie huko lakini. Anzia kwenye kadi ya nyumba.

#9 Mwalimu wa Chuo, Mombasa

Kwa idhini ya mleta uzi naweka hapa nilichokisoma. Si hirizi. Hakuna aya ndani yake ila Bismillahi ya mwanzo. Ni Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, mkono wa mtu aliyesoma vizuri, na chini kuna mashahidi wawili. Mwaka ni 1357 wa Hijria, yaani kati ya Machi 1938 na Februari 1939. Majina nayaacha wazi:

"Mimi fulani binti Abdallah, mkazi wa Pangani, nimeambiwa nyumba yangu itavunjwa. Thuluthi ya fidia yake nimempa fulani, niliyemlea, si wa tumbo langu. Asije akadhulumiwa baada yangu kwa kuambiwa si mrithi. Baba yake ni ——, mtu wa Masii, alichukuliwa Kariakoo asirudi. Mama yake alimleta kwangu mwaka wa njaa na homa, akafa siku ya tatu, nami nikamzika. Nimeandika jina la baba yake ili aitwe kwalo mbele ya Mungu."

Thuluthi ndiyo mpaka wa wasia, na mtoto wa kulea si mrithi, kwa hiyo njia ya kumwachia kitu baada ya kufa ni hiyo. Huyu mama alijua alichokuwa akikifanya.

Kariakoo ni kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza (Carrier Corps) cha Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka wa njaa na homa ni ule wa 1918 hadi 1919. Masii, kule Machakos, inasomeka bila shida. Kazi iko kwenye jina la baba. Linaanza na dali, herufi ya d. Lakini waandishi wa zamani aghalabu hawakuandika nuni, yaani n, kabla ya dali, kwa hiyo dali hiyo inaweza kuwa D au Nd. Halafu kwenye alama za irabu, dhuma moja inabeba u na o, kasra moja inabeba i na e. Nina njia nne za kulisoma na sitaki kukuchagulia baba yako.

#10 Mwana wa Masii

Mwalimu, moja tunaweza kuliondoa sasa hivi. Kikamba hakina d tupu. Kuna nd tu. Jina la Mkamba wa kale likianza kwa dali, basi ni Nd, hakuna jingine. Na ndugu mleta uzi, isyo ni chakula chetu. Hakuna Mkamba asiyelijua neno hilo.

Ukija Masii usiulize mtaa, mitaa imehama. Uliza mbai, yaani ukoo. Utaulizwa mbai ya babu yako nawe huijui, kwa hivyo sema tu jina la baba na "Kariakoo", kisha unyamaze uwasikilize. Kila nyumba ya kwetu inawakumbuka waliochukuliwa ule mwaka wa 1917, maana ndipo serikali ilipozoa wanaume kwa nguvu.

#11 Mjukuu wa Pangani

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kimya kwa sababu ya safari. Nianze na Makavazi.

Nilifika asubuhi, nikaandika maombi yangu kwa penseli, nikakaa. Faili la Pangani lililetwa limefungwa kwa utepe. Ndani ni barua za maofisa wakibishana juu ya gharama, kurasa na kurasa, na katikati yake orodha ya wenye nyumba. Nilishusha kidole mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye jina lake nilikisimamisha hapo hapo, nikakaa hivyo muda. Namba ya nyumba ndiyo ile ile ya kwenye risiti zetu. Na mbele ya jina, karani wa enzi hizo ameandika kabila lake: Mkamba.

Nikaondoka hapo moja kwa moja hadi Majengo kwa mzee mmoja wa miaka tisini na ushei, alikuwa kijana mdogo Nyanya alipohamia Pumwani. Nilishamuuliza habari za Abdallah mara mbili nikatoka mikono mitupu. Safari hii nilimuuliza kitu kingine: Nyanya alikuwa akiongea lugha gani? Akajibu bila kufikiri: "Kiswahili safi. Lakini usiku, akikaa barazani na babu yako, walizungumza Kikamba kwa sauti ya chini. Mtu akipita wanarudi kwenye Kiswahili." Mbona hukuniambia, mzee? "Hukuniuliza."

Mzee akaongeza kwamba Nyanya mwenyewe alifika Nairobi akiwa msichana mdogo, reli ilipofika, ile njaa kubwa. Mwana wa Masii anaijua kwa jina lake, Yua ya Ngomanisye. Watoto wengi wa Ukambani waliachwa kwa watu miaka ile ili wapate kula. Reli ilifika Nairobi 1899. Kwa hiyo mama aliyempokea babu yangu alipokewa yeye kwanza, miaka ishirini nyuma. Ndiyo maana yule mwanamke wa Masii alijua agonge mlango gani.

Nikirudi nilipita Kenyatta Avenue, nikasimama mbele ya zile sanamu tatu za shaba za ukumbusho wa vita. Nimepita hapo maisha yangu yote. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yanasema, kwa Kiswahili pia, kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Nilisimama hapo na karatasi ya Mwalimu mfukoni, yenye jina ninaloweza kulisoma kwa njia mbili au tatu.

#12 Kijana wa South B

Kaka, si upime DNA umalize?

#13 Mjukuu wa Pangani

Nimelifikiria. Kipimo kinakulinganisha na watu waliokwisha kupima, na hifadhi za kampuni hizo zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Nikipata mtu wa Masii aliye tayari, tutapima pamoja, mimi na yeye. Bila yeye, mate yangu hayatanieleza kitu.

#14 Mjukuu wa Pangani

Jumamosi tulienda. Mimi, mama yangu wa miaka 75, na Mwana wa Masii ambaye alitupokea stendi kama ndugu. Mungu akulipe.

Nilifanya alivyoniagiza. Nilitaja jina nikasema "Kariakoo", nikanyamaza. Katika nyumba ya kwanza hawakulijua. Katika ya pili palikuwa na jina hilo hilo lakini mtu wao alirudi akafa mzee, kaburi tulionyeshwa. Nyumba ya tatu ilikuwa na kikongwe, mke wa ukoo, amekaa kwenye kigoda anapepeta mbaazi. Aliposikia aliacha kupepeta.

Akasema mama mkwe wake alikuwa akisimulia juu ya mke wa nyumba ile, ambaye mumewe alichukuliwa. Vita vilipokwisha wengine walirudi, wake hakurudi. Wakamwambia nenda Nairobi kwenye kambi, mshahara wa marehemu unadaiwa huko. Akaenda na mtoto wa kiume mgongoni, ule mwaka mvua ilipokataa na homa ikapita. Hawakumwona tena. Huku walidhani mama na mtoto walifia njiani wote wawili, na hapakuwa na jina la mtoto la kuendelea kutajwa.

Sisemi nimethibitisha. Kariakoo ilichukua wengi, na mama wenye watoto waliokwenda kuulizia mshahara walikuwa wengi. Mishahara ya maelfu haikupata mwenyewe. Ndugu mmoja wa nyumba ile amekubali tupime. Karani Mstaafu ameniambia niombe pia faili za Machakos za 1918 na 1919, nitaenda.

Lakini irabu tumeipata. Kikongwe alilitamka jina mwenyewe, na kila mtu pale alilitamka vile vile, kwa u. Mama yangu akamwomba alirudie. Akalirudia. Kisha mama akatoa kwenye mkoba lile daftari la shule ambamo huandika waliozaliwa na waliokufa kwetu, akalifungua juu ya goti, ukurasa wa babu, pale penye Abdallah. Hakufuta. Akaweka kalamu pembeni ya mstari, akaniuliza linaanzaje.

Nikamwambia, Nd.